Safari Ni Saa Kumi na Moja

4 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata Jumatatu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niwe na uhakika. Umeuliza: kutoka kwenu hadi kwetu ni mbali kiasi gani? Swali hilo naulizwa kutwa nzima kwenye dawati la maulizo la ofisi ya ndege, na watu nisiowajua, nami hulijibu bila kuinua macho. Lako limenimalizia karatasi tatu.

Ofisini tuna kompyuta inayotoa umbali wa mji wowote hadi mji wowote. Lakini mimi hupima kwanza kwa mkono. Juu ya meza yangu pana tufe la dunia, na kwenye droo nina kipande cha uzi mweusi nilichotoka nacho kwako, kile ulichofungia vitabu vyangu siku tulipohama. Niliweka ncha moja kwenu, nyingine kwetu, nikauvuta ukanyooka, halafu nikaulaza kwenye rula. Sentimita ishirini na moja na nusu. Kompyuta inasema kilomita elfu tisa, mia moja na kumi. Uzi na kompyuta vinapatana.

Miji yetu imekaa karibu kwenye mstari mmoja, mmoja juu, mwingine chini. Kwa hiyo saa zetu zinalingana. Ukiamka, nami naamka. Hilo hukuuliza, lakini nimeona si vibaya ulijue.

Mama mzima, anakusalimu. Kazi ni nzuri. Mwenzangu wa dawati la pili, tunayemwita Rubani kwa sababu husimulia mawingu kama mtu aliyezaliwa huko, ameniuliza mbona napima umbali nisio na mpango wa kuusafiri. Nilijifanya natafuta faili.

Je, unauliza tu, au kuna jambo? Naomba uniambie, maana nisipojua huwa nawaza mabaya, kisha nawaza mabaya zaidi.

Mjukuu wako,
Karani

*

17 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Nimekuuliza mbali kiasi gani, ukanijibu kama kibao cha barabarani. Sentimita ishirini na moja na nusu! Kwetu mafundi cherehani hiyo ni kola ya mtoto wa chekechea. Na kama ni kola tu, mbona miaka tisa hujaivuka?

Usinune, nakutania. Barua yako tumeisoma mara nne. Fundi Saa, jirani yangu wa kibanda cha pili, yule anayetengeneza saa za watu na kuharibu siku zao kwa maneno, anakusalimu. Anasema nikichoka kumngoja mume wa mbali, wa karibu yupo. Nimemwambia mume wangu ni msomi, ana dunia nzima juu ya meza. Yeye juu ya meza ana skrubu.

Hakuna jambo lolote. Nauliza kama mtu anavyouliza. Ila sasa niambie safari yenyewe: ndege zinakuja siku gani, na saa. Hizo kilomita usiniandikie tena, sijui kilomita ni mnyama gani. Mama yako akinipigia simu husema kila kitu ni kizuri, ndiyo maana simwamini. Wewe niandikie. Tena andika kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi, huo wa bluu wa ofisini kwenu siku hizi wameuchanganya na maji.

Mke wako wa kwanza, na hao wengine wapange foleni,
Bibi

*

5 Aprili

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nimebadilisha kalamu, kama unavyoona. Naomba uniambie kama herufi zinatosha.

Kuhusu safari: ndege ni mbili kwa wiki. Ya Jumanne hutua njiani kushusha watu na kupakia wengine, kwa hiyo ni saa kumi na sita. Ya Jumamosi, kwa mfano ya tarehe 24 mwezi huu, ni saa kumi na moja. Hiyo ya Jumamosi ndiyo nzuri, na kama ni mimi wa kuchagua, ningechagua hiyo. Zaidi ya hapo sisemi. Mambo ya likizo hayajakaa sawa, nami sipendi kuahidi kitu nisichokishika mkononi.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja dawatini, anataka kwenda kumwona binti yake. Nikamweleza umbali, muda, uzito wa mizigo. Akaniangalia. "Kijana, wewe mwenyewe umeshapanda?" Nikamwambia nimeshapanda. "Na ikoje?" Nikamwambia ni kama kukaa sebuleni, mzee. Rubani alinisikia, akakohoa. Mzee alikwenda zake amefurahi. Mimi sikuweza kumaliza chakula changu cha mchana. Sikumdanganya kabisa. Lakini nilimdanganya.

Umeandika "tumeisoma". Wewe na nani?

Mjukuu wako,
Karani

*

26 Aprili

Mume wangu,

Usishtuke, hakuna aliyekufa. Naanza hivyo kwa sababu najua unavyosoma barua, unatafuta msiba kwanza.

Juzi Jumamosi nilikwenda uwanja wa ndege kukupokea. Nilivaa lile gauni la kijani lenye mifuko, ambalo ulikuwa ukificha karanga ndani yake. Fundi Saa alifunga kibanda mapema akanisindikiza, amevaa saa tatu mkono mmoja ili, anasema, tusikosee. Saa kumi juu ya alama tulikuwa tumeshafika. Tukasimama kwenye kile kizuizi watu wanapotokea na masanduku. Askari akaja.

"Mama, unamsubiri nani?"

"Mume wangu."

"Anakuja na ndege gani?"

"Ya saa kumi na moja."

Akatazama ubao. "Saa kumi na moja hakuna, mama. Ya kutoka huko inatua saa tatu."

"Wewe unajua kuliko karani wa dawati la maulizo?"

Fundi Saa akamwambia, "Mwache, kaka. Wewe una ubao tu, yeye ana barua."

Basi ikafika saa kumi na moja, mlango ukafunguka, wakatoka watu. Akatoka kijana mrefu, amebeba mfuko begani, anatembea ameinamisha kichwa kama babu yako alivyokuwa akitembea. Nikasema, huyo. Nikampitia askari chini ya mkono, nikamkumbatia. Nikamshika mashavu. Nikamwambia, umekonda mume wangu, huko wanakulisha karatasi? Akatulia kidogo, halafu akasema taratibu, "Samahani Bibi, mimi si wa kwako." Lakini alitulia kwanza, Mungu ambariki.

Tulisubiri hadi saa mbili. Halafu Fundi akasema saa zake zote tatu zinamwambia twende nyumbani.

Pengine ulikwama kazini. Ulisema hupendi kuahidi, nami nikajua ndiyo ahadi yenyewe, unataka kunishtukiza. Hiyo ya Jumanne ndiyo sikuielewa, maana saa kumi na sita haipo kwenye saa yoyote ya Fundi. Si neno. Gauni nimelitundika tena.

Mke wako,
Bibi

*

6 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimeanza kujibu mara sita.

Niliandika "ni saa kumi na moja". Nilikuwa na maana ya muda. Kwamba mtu hukaa ndani ya ndege saa kumi na moja, tangu inapoondoka hadi inapotua. Wewe ukasoma saa kumi na moja jioni, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angesoma. Mwalimu wetu wa lugha alikuwa mkali sana juu ya neno hilo. Saa moja, saa mbili, saa elfu; hakuna "masaa", alikuwa akisema, na aliyeandika "masaa" alisimama nyuma ya darasa kipindi kizima. Mimi sikuwahi kusimama nyuma ya darasa. Ndivyo nilivyokusimamisha wewe kwenye kizuizi.

Sasa naomba nikuulize jambo, na usinijibu kwa utani. Yule kijana ulimshika mashavu. Uso wake ulikuwa mbele ya uso wako. Bibi, macho yako yana nini?

Likizo niliomba, bado haijapatikana. Ofisi ina kazi nyingi kipindi hiki.

Mjukuu wako asiyefaa,
Karani

*

16 Mei

Kwako Karani,

Salaam. Mimi ni Fundi Saa. Bibi yako hajui kama naandika, na ukimwambia nitakana.

Barua zako mimi ndiye ninayemsomea. Za kwake anaandika mwenyewe, mstari mmoja unapanda mlima na mwingine unashuka, nami huwa nazinyoosha kidogo kabla ya posta. Jicho la kushoto lilizima mwaka jana. La kulia lina mtoto wa jicho, wa siku nyingi, amekomaa. Atapasuliwa Jumatatu, tarehe 21 Juni. Daktari hakumficha: linaweza kufunguka, na linaweza kuzima moja kwa moja, kwa sababu jicho lenyewe limechoka. Kwa sasa anaona vivuli na rangi kali. Cherehani ameifunika tangu Januari.

Nilikuwepo alipoambiwa. Unajua alisema nini? "Kama litazima, nataka kitu cha mwisho kiwe uso wa mjukuu wangu, hata kama ni kivuli chake. Sitaki kiwe uso wako, Fundi." Sikukasirika. Nimeshajiona kwenye kioo.

Ndiyo maana aliuliza ni mbali kiasi gani.

Jambo la pili ni la lugha. Nimetengeneza saa miaka thelathini na minane. Nimeletewa zilizoanguka kisimani, zilizofuliwa na suruali, moja ilimezwa na mbuzi ikarudi. Yako ndiyo ya kwanza kuharibika kwa kuandikwa vizuri. Ungeandika masaa, kama sisi wengine, bibi yako angebaki nyumbani.

Likizo omba tena.

Fundi Saa

*

25 Mei

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Na wewe Fundi, shikamoo, kwa kuwa najua ndiye unayesoma. Naomba ukifika aya inayofuata usome polepole, na kama pana mteja kibandani, msubiri aondoke.

Bibi, likizo sikuomba. Nilikuambia niliomba, si kweli. Mkuu wa ofisi angenipa siku hiyohiyo, maana katika miaka miwili sijaomba hata siku moja. Wafanyakazi wetu hupewa kiti pakiwa na nafasi, na mara mbili nimejiandikia kiti kuja kwako. Mara ya kwanza mwaka jana, mara ya pili Aprili, safari ileile ya tarehe 24. Mara zote mbili nimefuta jina langu kwa mkono wangu. Kwa hiyo hukukosea sana kwenda uwanjani. Kwenye orodha nilikuwemo hadi Alhamisi.

Naogopa. Naandika neno hilo kwa herufi kubwa ili msiulizane kama mmesoma sawasawa: NAOGOPA. Nimepanda ndege mara moja tu, ile ya kutuleta huku nikiwa na miaka kumi na tatu. Katikati ya safari ilianguka ghafla, si kutua, kuanguka, kama ndoo iliyokatika kamba. Chai za watu ziliruka hadi juu. Mama alikuwa ng'ambo ya njia, simfikii. Nikamshika mkono wa shati mtu nisiyemjua aliyekaa pembeni yangu, nikafumba macho, nikahesabu. Ilipotulia nilikuwa nimekishika kifungo chake. Nilikuwa nimeking'oa. Aliona, hakukidai. Kifungo hicho cha kahawia kipo kwenye droo yangu, pamoja na uzi wako.

Kila siku nawaambia watu ni kama kukaa sebuleni. Najua mwendo wa kila ndege, najua kimo chake, najua kwamba kinachotikisika ni hewa tu. Nayajua yote haya kwa moyo, isipokuwa moyo wenyewe haukuhudhuria masomo.

Sijui nitafanyaje. Tarehe 21 naiona kila ninapofunga macho. Sikutaka usikie kwa mwingine kwamba mjukuu wako anapima dunia kwa uzi kwa sababu hathubutu kuikanyaga.

Karani

*

4 Juni

Mwoga wangu,

Fundi alisoma polepole kama ulivyomwomba. Alipofika kwenye kifungo alisimama, akasema vumbi la saa limemwingia jichoni. Nikamwambia karibu kwenye chama.

Kumbe ameshakuambia habari zangu, mbea mkubwa. Ndiyo, nina mtoto. Daktari aliponiambia, "Mama, una mtoto," nikamwambia umri huu, daktari? Na mume wangu yuko kilomita elfu tisa! Akasema wa jicho. Nesi alicheka hadi akaangusha kitabu.

Sasa sikiliza. Kwamba unaogopa nilijua. Mama yako aliniambia mlivyofika ulivua viatu uwanjani ukasimama peku ili uhakikishe ni ardhi. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Mtu akiogopa kwa siri anaogopa mara mbili, hofu ya kitu na hofu ya kugunduliwa. Moja umeshaitua. Imebaki moja.

Kwenye kifurushi hiki pana shati. Nilianza kukushonea mwaka jana kabla macho hayajaniaga, nikalimalizia kwa kupapasa. Mshono wa bega la kushoto umelewa kidogo, ulivumilie. Vifungo sikuweza, maana uzi na sindano sasa hivi vinanikimbia. Shati linataka vifungo kumi na kimoja: viwili vya mikono, viwili vya ncha za kola, saba vya kifua hadi shingoni. Kukaa kwenye kiti bila kutoka hayo masaa yote ni kifungo, basi nami nakupa vifungo vya kukitumikia. Kila saa shona kimoja, kama nilivyokufundisha: mara nne kupita, mara tatu kuzungusha shingo, fundo kwa nyuma. Ndege ikitikisika, mkono wako usimame, ndege imalize, mkono uendelee. Usihesabu kilomita. Rubani wa ndege anazihesabu, kazi yake.

Nimekuwekea kumi. Cha kumi na moja unacho.

Usikate uzi kwa meno.

Bibi

*

10 Juni, kwa haraka

Bibi,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Likizo nimepewa. Jina langu limo kwenye orodha ya Jumamosi tarehe 19, na nimemwomba Rubani abadilishe neno la siri la kompyuta ili nisiweze kulifuta. Amelibadilisha. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia ukweli, akasema hata yeye hajawahi kupanda.

Nimeuliza ukaguzi: sindano inaruhusiwa, mkasi hauruhusiwi. Kwa hiyo kuhusu meno, naomba msamaha kabla.

Ratiba imebadilika mwezi huu. Ndege inaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Inakaa angani saa kumi na moja. Inatua saa kumi na moja jioni. Safari hii hata ukielewa vibaya utakuwa umeelewa vizuri.

Karani

*

19 Juni, angani

Bibi,

Barua hii nitakupa mkononi. Naandika kila ninapomaliza kifungo, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Cha kwanza, mkono wa kulia. Nimekishona baada ya taa ya mikanda kuzimwa. Wakati inapaa sikuweza kushika kitu. Nilikuwa mlangoni nikageuka mara moja, nakiri, ila nyuma yangu alikuwa mama mnene mwenye mabegi matatu na hapakuwa na pa kupita. Akasema, "Kijana, mbele ni huko." Sasa amekaa pembeni yangu.

Cha pili, mkono wa kushoto. Nimejichoma. Damu tone moja, haijagusa shati.

Cha tatu na cha nne, kola. Yule mama ameniangalia muda mrefu. "Hivi ulitoka nyumbani kabla hujamaliza kuvaa?" Nikamwambia nimeagizwa na bibi yangu nishone kila saa kimoja. "Kwa nini?" Nikamwambia, kwa sababu naogopa. Hakucheka. Akasema, "Kuna cha kwangu?" Nimemwambia vimehesabiwa. Basi amechukua kazi ya kunitungia uzi, na ya kukata kwa meno. Kwa hiyo kosa hilo ni lake.

Cha tano, cha kifua, cha chini kabisa. Bega la kushoto nimeliangalia vizuri kwa mwanga wa dirisha. Mishono mitatu imetoka nje ya mstari ikarudi. Nimeipitishia kidole. Sitairekebisha, na mtu yeyote asije akairekebisha.

Cha sita. Hapa mkono wangu umeandika vibaya kwa sababu imeanguka. Si sana kama ile ya zamani, ila imeanguka. Watu wamepiga kelele. Mkono ukasimama kama ulivyosema, sindano ikiwa nusu kwenye kitambaa. Yule mama akanishika mkono wa shati, akafumba macho. Kumbe naye! Nikamwambia, mama, shika tu, ila vifungo niachie. Akaanza kucheka akiwa amefumba macho. Nilipomaliza kumtuliza, ndege ilikuwa imeshatulia, nami sikuona ilitulia saa ngapi.

Cha saba. Amelala. Nimejitungia mwenyewe.

Cha nane.

Cha tisa. Nilisahau kuandika, nilikuwa nakula. Nimekula chote.

Cha kumi.

Saa ya mwisho sikushona. Kifungo cha kahawia ninacho mfukoni, na pa kukiweka ni hapo shingoni tu. Nilikishika nikafikiri, hiki si cha kushonwa na mimi, kitamngoja Bibi hadi Jumatatu ipite. Nikabaki sina kazi. Basi nikafungua kifuniko cha dirisha nikaangalia chini. Bibi, kuna mto. Unaonekana kama uzi ulioachwa mezani na mtu aliyeitwa mara moja akaondoka.

Wanasema tufunge mikanda. Nimevaa shati. Shingo iko wazi.

Karani

*

26 Julai

Mume wangu,

Tangu uondoke wiki tatu zilizopita, Fundi Saa anatamba eti amebaki peke yake kwenye foleni ya waume. Mwambie mwenyewe kwamba ulipotoka pale mlangoni saa kumi na moja na dakika ishirini, na mimi nikakataa kusogea kwa kuogopa kumkumbatia mtoto wa watu tena, wewe ndiye uliyenijia ukaushika mkono wangu ukauweka begani ili nipapase mshono. Nikakuta ulevi wangu. Hapo sikuhitaji macho.

Barua hii naiandika na kuisoma mwenyewe. Fundi hajainyoosha. Ukiona mstari unapanda, ni wangu wote. Jicho linaona kama dirisha lililooshwa na mtu mvivu, lakini ni dirisha. Ile siku walipofungua bandeji ulitaka nikuambie nimeona nini, nikakwepa kwa sababu nesi alikuwa anasikiliza. Niliona pua. Umechukua pua ya babu yako, pole sana. Halafu nikaona umekunja uso unavyokunja tangu una miaka minne, unangoja kuambiwa habari mbaya. Nikataka nikutazame hivyo kidogo kabla sijakuambia nakuona. Ndiyo maana nilichelewa. Nisamehe, nilikuwa nakula kwa macho.

Shati nalirudisha na barua hii. Uzi niliutunga mara ya saba. Kifungo cha kahawia kipo shingoni, hakifanani na wenzake hata kidogo. Watu wakikuuliza, waambie ni cha mwenyewe, ukimpata utamrudishia.

Sasa, mwezi wa tatu nilikuuliza swali, ukanijibu kwa rula. Nauliza tena. Kutoka kwenu hadi kwetu ni mbali kiasi gani?

Bibi

*

6 Agosti

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Tunajibu swali lako kama ifuatavyo.

Umbali: vifungo kumi na kimoja, cha mwisho kinashonwa na mwenyeji.

Muda: masaa kumi na moja. Nimeandika masaa, na mwalimu anisimamishe nyuma ya darasa anapotaka.

Safari inayofuata: Jumamosi, tarehe 18 Desemba. Inaondoka saa kumi na mbili asubuhi, inatua saa kumi na moja jioni. Jina langu limo. Neno la siri ninalijua sasa, Rubani amenirudishia, na jina sijaligusa.

Tuma shati jingine, bila vifungo.

Mume wako,
Karani